Kidushi: ni divai inayobarikiwa, au ni siku ya Sabato?

Bandiko la 1 – Mkulima wa Mara

Salamu, ndugu zangu. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa kutoka mkoa wa Mara, na kwa muda wa miezi 11 nilikuwa katika mafunzo ya kilimo huko bonde la Arava, kusini mwa Israeli. Familia moja yenye shamba la pilipili hoho ilinialika chakula cha Ijumaa jioni mara 4, nami nimerudi nyumbani na swali ambalo sijaweza kuliweka chini.

Jua likishazama na mishumaa ikiwa imekwisha kuwashwa, baba wa nyumba husimama mezani akiwa ameshika kikombe cha fedha kilichojaa divai hadi ukingoni, mikate 2 ikiwa imefunikwa kwa kitambaa mbele yake. Anaimba maneno ya Kiebrania, wote wanaitikia "amina", anakunywa, kisha kikombe kinazunguka. Hakuna anayegusa chakula kabla ya hapo, hata mtoto mwenye njaa. Ibada hiyo wanaiita Kidushi.

Kwetu pia Sabato hupokewa Ijumaa jioni, kwa wimbo, neno na sala, lakini divai haijawahi kufika mezani pa baba yangu. Nimeisoma amri ya nne katika Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5 bila kukuta kikombe mahali popote. Hoja yangu ni kwamba siku ni ya Mungu na kikombe ni cha wanadamu, na kwamba viwili hivi vimechanganywa. Je, mtu yule anabariki divai au anabariki siku? Na divai ikikosekana, Sabato haiingii?

Bandiko la 2 – Bi Kitabu

Asante kwa uzi, ndugu Mkulima. Nilisoma Kiebrania kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nianze na maneno yenyewe, maana ukiyasikiliza vizuri utaona kwamba hakibarikiwi chochote kilichomo kikombeni. Anayebarikiwa, kwa maana ya kuhimidiwa, ni Mungu.

Kidushi ya Ijumaa usiku ina sehemu 3. Ya kwanza ni Mwanzo 2:1-3, "Basi mbingu na nchi zikamalizika", ikitanguliwa na maneno ya mwisho ya sura ya kwanza kuhusu siku ya sita. Ya pili ni fupi sana: umehimidiwa wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uumbaye tunda la mzabibu. Ya tatu ndiyo ndefu, nayo inamhimidi Mungu aliyewapa Israeli Sabato kwa upendo, iwe ukumbusho wa kazi ya uumbaji na ukumbusho wa kutoka Misri, ikimalizia na "uitakasaye Sabato". Divai imepata sentensi moja tu, na siku imepata yote yaliyobaki.

Kuhusu amri, umesema kweli nusu. Kutoka inasema "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase", na marabi katika Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala yao, katika kitabu cha Pesahimu, waliuliza ikumbukwe kwa njia gani, wakajibu: ikumbuke juu ya divai inapoingia. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi, katika karne ya 12 alitenganisha mambo haya waziwazi: kuitakasa siku kwa maneno ni amri ya Torati, na kuyasema maneno hayo juu ya kikombe ni agizo la wenye hekima. Kwa hiyo kikombe ni cha wanadamu, kama ulivyosema, ila sikubali kwamba vimechanganywa. Vimepangwa, na waliovipanga walijua kipi ni kipi.

Bandiko la 3 – Kijana wa Goba

Naomba kusahihishwa ikiwa nimekosea. Mimi nilidhani Kidushi ni dua ya wafu, ile inayosomwa na mtoto wa marehemu makaburini. Inakuwaje tena iwe ya chakula cha jioni?

Bandiko la 4 – Mwana wa Lamu

Kijana wa Goba, hiyo unayoisema ni Kadishi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiaramu na humtukuza Mungu bila kumtaja marehemu hata mara moja. Huna lawama, kwa sababu mzizi ni mmoja, kaf nzito, dali na shini, wenye maana ya kutakasa na kutenga. Ndio huohuo tunaouona katika Kiarabu tunapoutaja mji wa Baitul-Mukaddas. Kutoka mzizi huo Wayahudi wana Kidushi ya mezani, Kadishi ya waombolezaji, na hata kidushini, ambalo ni tendo la mume kumposa mke mbele ya mashahidi.

Ndugu Mkulima, jambo moja katika simulizi lako halitamshangaza mtu wa mwambao. Siku yao huanza jua linapozama, na yetu vilevile. Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" alikuwa na maana ya usiku unaotangulia Ijumaa, yaani ule ambao vijana wa leo wanauita Alhamisi usiku. Kwa hesabu hiyo, familia ile haikuwa inaikaribisha Sabato itakayokuja kesho yake. Ilikuwa imekwisha kuingia, nao walikuwa ndani yake kabla kikombe hakijainuliwa.

Bandiko la 5 – Shemasi wa Kigoma

Amani kwenu. Nachangia kutoka upande wa Kanisa Katoliki, ambako maneno haya si mageni. Padre anapotayarisha vipaji katika Misa, husema juu ya mkate na divai maneno ya kumhimidi Mungu ambayo yametungwa kwa kufuata baraka za Kiyahudi, na divai inatajwa humo kuwa tunda la mzabibu. Sala hizo ziliingizwa katika mpangilio wa Misa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Kwa maoni yangu ushahidi wa zamani zaidi uko katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambapo Paulo anataja "kikombe kile cha baraka tukibarikicho". Luka 22 inataja hata vikombe 2, kimoja kabla ya mkate na kingine baada ya kula. Kile cha kwanza ni Kidushi. Kwa hiyo ninyi Wasabato, pamoja nasi Wakatoliki, tunakunywa kutoka kikombe kilekile, hata kama hatukukijua jina lake.

Bandiko la 6 – Mtafuta Chanzo

Shemasi, naheshimu ulichoandika, lakini hapo pa mwisho umekwenda mbio. Wazo kwamba Karamu ya Mwisho ilikuwa Kidushi lilitetewa na msomi Mwingereza G. H. Box mwaka 1902, na baadaye Joachim Jeremias akalipinga kwa nguvu akisema kwamba ilikuwa karamu ya Pasaka yenyewe. Wanaofuata Injili ya Yohana nao wanasema haikuwa Pasaka, kwa kuwa Yohana anaweka kusulubiwa kabla ya jioni ya kula Pasaka. Ubishi huo haujaisha. Isitoshe, "kikombe cha baraka" katika lugha ya marabi kwa kawaida ni kile cha shukrani baada ya chakula, na cha Kidushi hutangulia chakula.

Pia tusisahau kwamba maneno aliyoyaeleza Bi Kitabu tunayapata yakiwa kamili katika vitabu vya sala vya karne ya 9, kama kile cha Amram Gaon wa Babeli. Desturi ya kikombe ni ya kale zaidi, kwa sababu Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inasimulia shule za marabi Hillel na Shammai zikiibishania, lakini hatuwezi kumwekea mtu wa karne ya kwanza kinywani maneno ya kitabu cha karne ya 9.

Kuhusu chanzo cha divai, mimi nashikilia kwamba kilitoka katika karamu za watu huru wa dunia ya Wagiriki na Warumi. Watu waliketi wakiegemea, kikombe cha kwanza kikachanganywa na maji, na kwa wapagani sehemu yake ikamwagwa kwa ajili ya miungu. Wayahudi waliishi katikati ya desturi hizo, wakakataa kabisa kumwaga divai kwa miungu, na pale ambapo jirani alitamka jina la mungu wake wao wakatamka uumbaji na kutoka Misri. Ndiyo maana Pasaka yao ina vikombe 4 na kuegemea upande wa kushoto, na kikombe cha kwanza kati ya hivyo ni Kidushi.

Bandiko la 7 – Shemasi wa Kigoma

Ndugu Mtafuta Chanzo, nakubali kusahihishwa kuhusu mpangilio wa vikombe, ila chanzo unachokitaja kinanipa shaka. Kwa nini twende hadi Roma wakati Hekalu liko karibu? Katika Hesabu 15 sadaka iliambatana na divai iliyomiminwa, na marabi wenyewe wanasema katika kitabu cha Berakoti kwamba Walawi hawakuimba wimbo wa sadaka ila juu ya divai, wakitegemea Waamuzi 9:13, ambapo mzabibu unasema divai yake huwafurahisha Mungu na wanadamu. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, meza ya nyumbani ikachukua nafasi ya madhabahu. Mwenye nyumba anaimba juu ya divai kama Mlawi alivyoimba.

Bandiko la 8 – Bi Kitabu

Nadharia zote mbili zina uzito, lakini ya Shemasi ina tatizo la tarehe. Wengi wa watu wa shule za Hillel na Shammai walibishana Hekalu likiwa bado limesimama, nao tayari walikuwa na kikombe mezani. Kwa hiyo kikombe hakikungoja madhabahu ivunjwe.

Na ubishi wao, katika sura ya 8 ya Berakoti, ndio swali hasa la mleta uzi. Shule ya Shammai ilisema: anza na baraka ya siku, kisha ya divai, kwa kuwa siku ndiyo iliyosababisha divai iletwe, na siku imekwisha kuwa takatifu kabla divai haijafika mezani. Shule ya Hillel ilisema: anza na divai, kisha siku, kwa kuwa bila kikombe Kidushi isingesemwa, na tena baraka ya divai husemwa mara kwa mara mwaka mzima, na kilicho cha mara kwa mara hutangulia kile kinachokuja kwa nadra. Sheria ilifuata Hillel. Ndiyo maana ulisikia "tunda la mzabibu" kabla ya "uitakasaye Sabato".

Bandiko la 9 – Mkulima wa Mara

Asanteni sana. Basi mimi ni mtu wa Shammai bila kujua. Yale maneno kwamba siku imekwisha kuwa takatifu kabla divai haijaletwa, ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwa mwaka mzima.

Bandiko la 10 – Mwana wa Lamu

Umejiunga na upande ulioshindwa, ndugu yangu, lakini umejiunga ukiwa na hoja, na hilo ni bora kuliko kushinda bila hoja.

Nina swali kwa Bi Kitabu. Katika sikukuu zao, ambazo hufuata mwezi kama zetu, je, maneno ni yaleyale?

Bandiko la 11 – Bi Kitabu

Si yaleyale, na tofauti yake ni nzuri sana. Ijumaa usiku baraka humalizika kwa "uitakasaye Sabato". Katika Pasaka, Sikukuu ya Majuma na Sikukuu ya Vibanda, humalizika kwa "uwatakasaye Israeli na majira". Talmudi inaeleza sababu: Sabato imewekwa na Mungu tangu uumbaji na inakuja yenyewe kila siku ya saba, mtu apende asipende, lakini sikukuu hutegemea mwezi, na mwezi ulitangazwa na baraza la wazee baada ya kuwasikiliza mashahidi waliouona. Mungu huwatakasa Israeli, na Israeli huyatakasa majira. Sikukuu ikiangukia Sabato, Sabato hutajwa kwanza, kabla ya Israeli.

Katika sikukuu huongezwa pia baraka ya kushukuru kwa kufikishwa wakati huu, isipokuwa siku za mwisho za Pasaka, na katika Vibanda huongezwa ile ya kuketi kibandani. Siku ya Upatanisho haina Kidushi ya kikombe, kwa kuwa ni ya kufunga.

Bandiko la 12 – Mwana wa Lamu

Hapo umenigusa. Sisi tuliokulia mwambao tunajua nini maana ya kusimama ufukweni magharibi kutazama mwandamo wa mwezi, na tunajua uchungu wa mji mmoja kufunga na mwingine kula, kila upande ukiwa na mashahidi wake.

Nimewahi kusoma kisa chao cha Rabban Gamalieli na Rabi Yoshua, ambacho kimo katika Mishna ya Mwaka Mpya. Walihitilafiana kuhusu ushahidi wa mwezi, na Gamalieli, aliyekuwa mkuu wa baraza, akamwamuru Yoshua amjie akiwa na fimbo na mfuko wa fedha katika siku ambayo kwa hesabu yake Yoshua ilikuwa Siku ya Upatanisho. Yoshua alihuzunika, lakini alikwenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake katika hekima na mwanafunzi wake kwa kuwa ameyakubali maneno yake. Kisa hicho kimenifunza zaidi kuhusu umoja wa sikukuu kuliko hotuba nyingi nilizosikia, na sasa naona kwamba Kidushi ya sikukuu inabeba fundisho hilohilo ndani ya neno moja, "Israeli na majira".

Bandiko la 13 – Jirani wa Nabugoye

Salamu kutoka Mbale, Uganda. Wengi wanajua kwamba huku kwetu kuna Waabayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 alipojitenga na wamisionari na kuanza kuishika Torati. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, na mwaka 2002 wengi wao walipitia taratibu rasmi za kuingia katika dini mbele ya marabi waliotoka nje. Mimi si mmoja wao, ni mwalimu na jirani tu, lakini nimekaa mezani pao Ijumaa jioni.

Nilipokuwa huko, kikombe kilikuwa na maji ya zabibu, na maneno yalikuwa ya Kiebrania kama ya ndugu Mkulima, wakati nyimbo nyingine zilikuwa za Kiluganda. Zabibu hazikui katika vilima vyetu, ila ndizi ziko kila mahali. Swali langu: kwa nini isiwe pombe ya ndizi? Hicho ndicho kinywaji cha heshima cha nchi, ndicho kinachowekwa mbele ya mgeni na mbele ya wakwe.

Bandiko la 14 – Mtafuta Chanzo

Mwalimu, swali lako liliulizwa Babeli zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Huko mizabibu ilikuwa michache, na watu walikunywa pombe ya tende. Talmudi inasimulia kwamba Amemar, mmoja wa marabi wa huko, alifika mahali fulani wakakosa divai, wakamletea pombe kwa ajili ya Havdala, ile ibada ya kuiaga Sabato. Akaikataa, akalala na njaa, na siku ya pili wakahangaika hadi wakampatia divai. Mwaka uliofuata akarudi, na hali ikawa ileile. Ndipo akasema: ikiwa ni hivyo, basi hii ndiyo divai ya nchi. Akafanya Havdala juu ya pombe.

Hivyo kuna kanuni inayoitwa "divai ya nchi". Hata hivyo, inatumika kwa urahisi zaidi katika Havdala na katika Kidushi ya mchana. Kwa Ijumaa usiku waamuzi wengi waliona kwamba divai ikikosekana, afadhali Kidushi isemwe juu ya mikate 2, kwa kuwa mkate ndio msingi wa karamu ya Sabato. Kwa hiyo, ndugu Mkulima, jibu la swali lako la mwisho ni kwamba Sabato inaingia bila divai, na hata Kidushi inasemwa bila divai.

Wako pia waliopata njia ya kati. Bene Israeli, Wayahudi wa pwani ya Konkani nchini India, karibu na Mumbai, kwa vizazi vingi waliloweka zabibu kavu katika maji wakapata sharbati, na juu ya sharbati hiyo wakasema Kidushi.

Bandiko la 15 – Mkulima wa Mara

Hizi habari za maji ya zabibu na sharbati zimenifurahisha mno, kwa kuwa sisi Wasabato katika Meza ya Bwana hutumia maji ya zabibu yasiyochacha. Nilikuwa nadhani Myahudi yeyote angeyakataa.

Bandiko la 16 – Muuguzi wa Toronto

Hayakataliwi, kaka. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee hapa Kanada, na wengi wa wazee wangu ni Wayahudi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa zisizopatana na kilevi huwekewa maji ya zabibu bila swali. Talmudi inaruhusu mtu akamue kishada cha zabibu na kusema Kidushi juu yake. Huko Marekani wakati pombe ilipopigwa marufuku, kuanzia 1920 hadi 1933, sheria iliruhusu divai ya ibada, na baadhi ya watu wakaigeuza ruhusa hiyo kuwa biashara ya aibu. Ndipo mwaka 1922 Louis Ginzberg, mmoja wa wasomi wakubwa wa Talmudi wa wakati wake, akaandika hukumu ndefu kwamba maji ya zabibu yanatosha.

Kuhusu kipimo, kikombe kinatakiwa kibebe ujazo uitwao reviiti, ambao wengine wanaukadiria kuwa mililita 86 na wengine mililita 150. Anayesema Kidushi anywe angalau kiasi cha kujaza shavu moja. Nimekariri hesabu hizo kwa sababu kuna mzee mmoja aliyenipimia kila Ijumaa, hadi nikajua kikombe chake kuliko vikombe vyangu.

Niongeze pia kwamba ndugu Mkulima alimwona baba, lakini mimi nimeona wanawake wakisema Kidushi, na wana haki kamili. Amri inasema "ikumbuke" mahali pamoja na "ishike" mahali pengine, na marabi wakasema kwamba kila anayewajibika kuishika anawajibika kuikumbuka. Wanawake huishika Sabato, basi nao wana wajibu wa Kidushi kwa Torati, sawa na wanaume.

Bandiko la 17 – Kijana wa Goba

Asante, dada. Je, tukiwapelekea divai ya Dodoma wataipokea? Zabibu zetu ni nzuri, na mvua za huko ni chache kama za Israeli.

Bandiko la 18 – Mtafuta Chanzo

Zabibu za Dodoma hazina kasoro, na tunda lolote la mzabibu linastahili baraka ileile. Sharti liko katika mikono. Sheria yao inataka divai ishughulikiwe na Wayahudi washika Sabato tangu kukamuliwa hadi kufungwa chupani, na asili ya agizo hilo ni ile hofu niliyoitaja katika bandiko la 6, ya divai iliyotolewa kwa miungu. Divai iliyochemshwa ina nafuu, kwa kuwa haikufaa kwa sadaka za miungu, hivyo ikishachemshwa haiharibiki kwa kumiminwa na mtu mwingine. Kwa hiyo wangekuja Dodoma na wakamuaji wao.

Rangi nayo ina historia ya huzuni. Divai nyekundu inapendelewa, hasa katika Pasaka, lakini katika karne ya 17 rabi David HaLevi Segal wa Poland aliandika kwamba watu wameacha kutumia nyekundu kwa sababu ya masingizio. Walisingiziwa kwamba wanachanganya damu ya watoto wa Kikristo, na watu waliuawa kwa uongo huo. Fikirini familia ikichagua divai nyeupe mezani kwa ajili ya kuokoa maisha yake.

Bandiko la 19 – Shemasi wa Kigoma

Hilo la mwisho nimelisoma mara 2. Waliosingizia walikuwa Wakristo, nasi tunapaswa kulisema bila kulipunguza.

Nikirudi kwenye chanzo, nimekumbuka kauli nyingine ya Talmudi: mwanzoni waliiweka katika sala, walipotajirika wakaiweka juu ya kikombe, walipofukarika wakairudisha katika sala. Labda basi kikombe kilikuja na uchumi, na si Hekalu wala Roma.

Bandiko la 20 – Bi Kitabu

Shemasi, kauli hiyo ipo, katika Berakoti, ila inahusu Havdala. Kuihamishia kwenye Kidushi ni dhana inayowezekana, lakini ni dhana.

Kwa upande wangu nadhani tumetafuta chanzo mbali na tumeipita sababu. Hapo mwanzo mtu hakuhitaji kikombe ili kuitakasa siku, kwa kuwa katika sala ya jioni ya sinagogi maneno ya kuitakasa yamo tayari. Kikombe kinayatoa maneno hayo sinagogini na kuyaleta mezani, mbele ya watoto. Samueli, mwalimu wa Babeli, alisema hakuna Kidushi ila mahali pa karamu. Kidushi ilipoendelea kusemwa pia sinagogini, maelezo yalikuwa kwamba ni kwa ajili ya wasafiri waliokula na kulala humo. Wageni hao hawapo tena, na sehemu nyingi desturi imebaki, ilhali mwanasheria wao Yosefu Karo katika karne ya 16 alisifu desturi ya nchi ya Israeli ya kutoisema.

Bandiko la 21 – Muuguzi wa Toronto

Huku Toronto neno limetanuka zaidi. Wakisema "kuna kidushi leo" wana maana ya meza ya keki, samaki na vinywaji baada ya sala ya Sabato asubuhi, mtu akisherehekea kuzaliwa kwa mtoto au ndoa. Nimewahi kusikia pia kwamba ya mchana inaitwa "Kidushi kuu". Mbona ni fupi?

Bandiko la 22 – Bi Kitabu

Ni fupi kweli, kwa asili yake ni baraka ya divai tu, na jina hilo limewahi kumtatiza hata mwanachuoni mkubwa. Rav Ashi alifika Mahoza, mji wa Babeli, wenyeji wakamwomba awasomee Kidushi kuu. Hakujua wanataka nini. Akawaza kwamba baraka zote huanza na tunda la mzabibu, akaisema hiyo, kisha akaivuta sauti kwa taratibu akitazama. Akamwona mzee mmoja ameinama na kunywa, akatambua kwamba imekwisha. Akajisomea maneno ya Mhubiri, kwamba mwenye hekima macho yake yamo kichwani mwake.

Bandiko la 23 – Jirani wa Nabugoye

Mimi sijaridhika na nadharia yoyote iliyotolewa, na naomba kuongeza ya kwangu. Pale Nabugoye niliona watu wakisimama wakati wa "mbingu na nchi zikamalizika", na nikaelezwa kwamba mtu husimama kwa kuwa anatoa ushahidi, na shahidi husimama. Kwetu sisi, maneno mazito ya ukoo, kama mahari au mapatano ya shamba, hayafungwi pakavu. Kinywaji kinapita ili kila aliyekunywa asiweze kusema kesho kwamba hakuwapo. Kikombe kile ni cha mashahidi.

Bandiko la 24 – Mtafuta Chanzo

Ushahidi upo katika mapokeo yao, mwalimu, na wanasema pia kwamba asomaye aya hizo Ijumaa jioni anakuwa kama mshirika wa Mungu katika uumbaji. Lakini wako wengi wanaosema Kidushi wakiwa wameketi, au husimama kwa aya na kuketi kwa baraka, kwa kuwa karamu huliwa watu wakiwa wameketi. Na kikombe si cha lazima kwa wasikilizaji, maana anayesikia na kukusudia amekwisha kutimiza hata asipoonja. Kwa hiyo ushahidi wao uko masikioni, hauko kooni. Nabaki na karamu ya Warumi.

Ndugu Mkulima, nakuongezea jambo litakalokupendeza. Beta Israeli wa Ethiopia, ambao kwa karne nyingi hawakuwa na Talmudi, waliishika Sabato kwa ukali mkubwa, na makuhani wao walibariki mkate. Kidushi ya divai waliikuta kwa Wayahudi wengine.

Bandiko la 25 – Mkulima wa Mara

Limenipendeza, nami nawashukuru wote. Bado nashikilia kwamba siku hutangulia kikombe, ila sasa sitasema tena kwamba kikombe ni nyongeza tu.

Dada Muuguzi, Mtafuta Chanzo amesema kwamba anayesikia amekwisha kutimiza. Mimi nilikuwa nikisikia na kuitikia amina mara zote 4, nikiwa Msabato na si Myahudi. Amina yangu ilihesabiwa wapi?

Bandiko la 26 – Muuguzi wa Toronto

Kaka, yule mzee aliyenipimia kikombe alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Binti yake alianza kuja kila Ijumaa kumsemea Kidushi, akimwekea kikombe kiganjani, mkono wake ukiwa chini ya mkono wa baba yake. Neno pekee lililokuwa limebaki kinywani mwa mzee lilikuwa amina, na kwa sheria yao lilitosha, kwa kuwa aliyesikia ni kama aliyesema. Mimi nilisimama mlangoni nami nikiitikia. Nilimwuliza binti swali lako hilihili. Akasema mimi sina wajibu wa Kidushi, hivyo hakuna deni nililolilipa, lakini jina lililohimidiwa ni la Mungu, na amina juu ya jina hilo haina mwenyewe.

Bandiko la 27 – Mwana wa Lamu

Mungu amrehemu mzee huyo. Bi Kitabu, sheria inasemaje hapo?

Bandiko la 28 – Bi Kitabu

Binti alisema vizuri kuhusu wajibu. Kuhusu mkono wa baba, kikombe hushikwa kwa mkono wa kulia. Ikiwa kiharusi kilikuwa upande wa kulia, Muuguzi, angekishika kwa ule wenye nguvu.

Bandiko la 29 – Muuguzi wa Toronto

Kilikuwa upande wa kulia. Alijua kwamba wa kushoto ungeruhusiwa. Kila Ijumaa binti alikiweka kushoto, na kila Ijumaa mzee alikihamisha.